Chipukizi Mmoja kwa Mkongwe Mmoja

Dada yangu alikuwa hajamaliza sentensi yake nilipoanza kutafuta soksi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwanzoni mwa Agosti, jikoni kwake Shively, pembeni mwa mji wa Louisville huku Amerika, naye alikuwa amenipa mgongo akikaanga mayai. Alisema, "Mama mkwe wangu amepata ndege, anafika Jumamosi. Sasa chumba chako nitampa yeye, kwa sababu magoti yake..." Habari ya magoti niliisikia nikiwa tayari kwenye korido. Mayai yalipoiva nilikuwa na begi begani. Nilimwambia nawahi kazini. Siku hiyo sikuwa na kazi.

Labda mtu atashangaa kwa nini mwanamume wa miaka ishirini na tisa anaondoka kwa dada yake bila kunywa chai. Mimi nilikulia kambini, upande wa Kigoma. Kutoka Burundi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama. Kambini kulikuwa na ubao wa matangazo. Familia zilizokuwa zinahamishiwa kambi nyingine, au zinapelekwa ng'ambo, majina yao yalibandikwa pale. Ukiona jina lako hukuuliza nani ameliandika wala kwa nini. Ulifunga vitu. Waliosimama kuuliza waliacha magodoro yao nyuma. Mama alitufundisha kufunga begi jinsi watoto wengine wanavyofundishwa kunawa mikono: nguo chini, karatasi juu, viatu miguuni. Mama alifariki kabla safari yetu haijaiva, nikaja Amerika na dada, na yeye ndiye ndugu pekee niliye naye. Shule niliiacha darasa la sita. Kufunga begi sikuacha. Nimeishi nyumba saba tangu nifike nchi hii, na hakuna hata moja ambamo nilitoa vitu vyote begini hadi chini.

Lakini siku hiyo kulikuwa na jambo lingine lililonisukuma, na jambo hilo ni besiboli.

Jioni ya Jumatano nilikuwa nimepata habari kwamba kijana wa timu yetu ya Louisville anayelinda kituo cha tatu, kona moja ya uwanja, amebadilishwa kwa mchezaji wa timu nyingine. Kwa asiyeujua mchezo huu: kila timu kubwa, zile za kwenye televisheni, ina timu ndogo katika mji mwingine ambako vijana wake wanalelewa. Louisville ni mji wa malezi. Columbus vilevile, na Buffalo pia. Kijana anacheza kwetu mwaka mmoja au miwili akisubiri kuitwa juu, na wengi hawaitwi. Kila ifikapo mwisho wa Julai, timu kubwa iliyoona ubingwa kwa mbali hutafuta mkongwe wa kuisaidia miezi iliyobaki, nayo humlipia kwa vijana. Inatoa chipukizi, inachukua mkongwe. Safari hii timu kubwa inayomiliki yetu ilikuwa imechukua mrushaji wa miaka thelathini na saba mwenye bega lililopasuliwa mara mbili, na kijana wetu akapelekwa Buffalo.

Nilimjua kijana huyo kwa sababu ya karanga. Kwa majira mawili ya joto, nikitoka zamu ya asubuhi kwenye ghala la vifurushi, nilikuwa nauza karanga uwanjani. Wenzangu walitangaza kwa Kiingereza. Mimi nilitangaza kwa Kiswahili, "Karanga! Karanga!", kwa sababu sauti yangu hutoka vizuri zaidi hivyo, na kwa sababu watu walicheka, na anayecheka hununua. Yeye alitoka kisiwa kimoja cha Karibi, mama yake yuko huko mpaka leo. Kiingereza chake na changu vilikuwa kimo kimoja, kwa hiyo tulielewana kabisa. Alilishika lile neno. Kila akija kupasha misuli upande wetu wa uzio alipiga kelele, "Karanga!", nami nikamjibu kwa jina la kituo chake. Siku moja alinirushia mpira. Niliuweka begini, juu ya karatasi.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mpira ukipigwa chini kwa nguvu, wachezaji wengi huinama kama wanaomkwepa nyoka. Yeye aliinama kama mtu anayeokota kitu chake kilichodondoka.

Basi maoni yangu kuhusu biashara hii yalikuwa makali, na niliyatoa kwa yeyote aliyesimama karibu, hata kama alitaka karanga tu. Watu wanaoisifu wanaishi miji mikubwa. Wao hupoteza jina ambalo hawajawahi kuliona na kupata mtu mzima mwenye ndevu anayerusha mpira mbele yao. Sisi wa miji midogo tunampoteza kijana, na mkongwe hatumwoni. Mkongwe anapita juu yetu kwa ndege. Sisi tumemwona kijana akikosea mwezi wa nne, akajirekebisha mwezi wa sita, na mwezi wa saba anapoanza kukolea anachukuliwa. Nilisema kwamba timu inayotoa chipukizi inakula mbegu yake. Mtu akila mbegu ujue hana mpango wa kuwa shambani mwakani.

Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu nilipomsikia dada akisema chumba changu anapewa mama mkwe wake. Chipukizi anatoka, mkongwe anaingia. Sikuhitaji kusikia zaidi. Jina langu lilikuwa ubaoni.

Nilipanda basi la mji mpaka katikati ya Louisville, na kwenye kituo cha mabasi ya mbali nikamuuliza mwenye tiketi ni basi gani linaloondoka kwanza. Akasema Columbus. Nikasema hilohilo. Tulipovuka daraja, mto Ohio ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na simu ikalia mfukoni. Dada alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Dada yangu hatumi ujumbe unaozidi nusu dakika isipokuwa kuna msiba au kuna mtu amekosea. Sikuufungua. Niliogopa kusikia akinieleza kwa upole kwamba nimeshakuwa mkubwa. Hasira zake ningezivumilia, upole usingevumilika.

Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, anaishi rafiki yangu Mkenya. Tulijuana kwenye ghala la vifurushi enzi akisoma chuo Louisville na kufanya zamu za wikendi, na ni yeye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza. Sasa ana kazi ya ofisini na shati lenye kola. Alifungua mlango akalitazama begi.

"Umefukuzwa ama umetoroka?"

"Nimebadilishwa," nikasema. "Chipukizi anatoka, mkongwe anaingia."

Nilipomsimulia alicheka mpaka akashikilia mlango. "Chipukizi gani? Wewe na hizo mvi kwa ndevu?"

Mvi ni tatu tu. Lakini alinipa sofa, na Ijumaa akaomba ruhusa kazini ili twende kwenye mechi ya saa sita mchana. Tulikaa upande wa jua, kwa sababu ndiko kwenye nafasi, na ubishi ukaanza kabla ya mrushaji kurusha mpira wa kwanza.

"Sikiza," akasema. "Hao vijana wako ni hadithi tu. Hadithi tamu, sikatai. Umeona wangapi waliosemwa ni moto wa kuotea mbali, na leo wanauza magari? Mkongwe unamjua. Ulishamwona na presha, ulishamwona akipigwa, ulishamwona akirudi. Ahadi haishiki mpira."

"Na huyo mkongwe akishazeeka kabisa mwakani?"

"Mwakani nitakuwa nimeshabeba kombe."

"Unakula mbegu."

"Nakula leo, bwana. Kesho kuna supamaketi."

Mzungu aliyekaa mbele yetu aligeuka kutazama ni nini kinachotufanya tugombane hivyo na mechi haijafika popote. Rafiki yangu alimwambia kwa Kiingereza kwamba tunazungumzia kilimo.

Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimekumbuka kitu. Mwaka mmoja kambini mgao wa chakula ulipunguzwa, na nyuma ya nyumba yetu mama alikuwa na mahindi ya mbegu ndani ya kibuyu, yamefunikwa kwa majivu. Aliyatunza miezi yote. Siku moja akayamimina, akayapepeta majivu, akayasaga, akapika ugali. Dada alilia kwa ajili ya mbegu. Mimi niliomba nyongeza. Nimekuwa nikiwatukana wanaokula mbegu kana kwamba mimi sikulelewa nayo. Hilo sikumwambia Mkenya papo hapo, maana angelitumia dhidi yangu mpaka kufa.

Badala yake yeye ndiye aliyeuliza. "Na sasa dada yako amesemaje?"

"Sijui. Ametuma ujumbe. Sijausikiliza."

"Wa dakika ngapi?"

Nikamwambia.

"Haki ya nani! Dakika nne, na hujafungua? Leta hiyo simu."

Niliikalia. Alinivuta mkono, nikaikalia zaidi, na hapo mpigaji wa Columbus akaupeleka mpira nje ya uwanja, watu wote wakasimama isipokuwa sisi wawili.

Nyumbani aliniambia kitu kimoja bila kucheka. "Wewe unajua kila kitu kuhusu kwa nini timu inamtoa mtu. Lakini hujawahi kumuuliza mtu aliyetolewa."

Ilikuwa kweli. Jumamosi alfajiri akanipeleka stendi, na safari hii nilijua basi ninalolitaka, la Buffalo. Nilitaka kumwona yule kijana uso. Nilijiambia kwamba nikimkuta amevunjika, basi nami nina haki ya kuvunjika, nitajua dada amenitoa na nitatafuta mji mwingine mbali zaidi. Nikimkuta mzima, nitafungua ujumbe. Ni ujinga kumwachia mtu wa kituo cha tatu aamue kama una ndugu au huna. Lakini njia nzima kupitia Cleveland na kando ya ziwa nilikuwa na simu mkononi, na kidole changu hakikuweza kubonyeza.

Nilifika Buffalo saa tisa kasoro mchana. Upepo wa ziwani ulikuwa baridi kidogo hata mwezi wa nane. Mechi ilikuwa saa kumi, na nikaingia mara malango yalipofunguliwa, nikiwa na begi ambalo mlinzi alilipekua mpaka akakutana na mpira. "Umekuja na wako?" akaniuliza. Nilisimama kwenye uzio upande wa kituo cha tatu. Wachezaji walikuwa wanajinyoosha kwenye nyasi, wote na fulana mpya kwangu, na sikumtambua mpaka alipoinama kuokota.

Nikajaza kifua. "Karanga!"

Aliinuka kama mtu aliyeitwa na mama yake. Akatazama huku na huku, akaniona, akaja mbio akiangua kicheko. "Hapana! Na wewe umebadilishwa?"

"Labda," nikasema. "Wamepata nini badala yangu, bado sijui."

Tulizungumza kwa Kiingereza chetu cha kimo kimoja. Nilimuuliza kama alilia.

"Nililia dakika tano hivi, kwa sababu ya chumba changu. Nilikuwa nimenunua pazia." Akacheka. "Halafu nikampigia mama. Mama akauliza, nani amekutoa? Nikamwambia. Akasema huyo achana naye, na nani amekuomba? Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Nikampigia kocha. Akasema Buffalo walipewa orodha ya vijana wengi wachague, wakasema hapana, tunamtaka wa kituo cha tatu. Waliniomba kwa jina." Akajigonga kifuani kwa kidole. "Kule Louisville, mbele yangu juu kulikuwa na mtu wa kituo cha tatu mwenye mkataba wa miaka sita. Ningezeeka pale nikikusikiliza wewe na karanga zako. Hapa mbele yangu hakuna mtu. Njia ni nyeupe."

"Kwa hiyo si adhabu."

"Adhabu?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni makavu. Kisha kocha akapiga filimbi. "Na wewe nani amekuomba?" aliuliza akirudi nyuma nyuma.

Nilitafuta kiti, nikaweka begi katikati ya miguu, nikabonyeza.

"Wewe. Uko wapi? Mayai yako nimempa jirani. Sasa sikiliza, na usikatize kama kawaida yako, ingawa hapa huwezi kukatiza, ndiyo maana nimekurekodia. Nilikuwa nasema hivi: chumba chako nitampa mama mkwe kwa sababu magoti yake hayashuki ngazi, na wewe utahamia chumba cha chini, ambacho shemeji yako amekipiga rangi wiki tatu kila akitoka kazini, akakificha kwa sababu alitaka kukushangaza. Rangi yenyewe mbaya, kijani kama dawa ya meno, lakini ni chumba chako, kina mlango na ufunguo wake. Ulifikiri nini? Kwamba nakutoa? Nikutoe nikupeleke wapi? Mama aliniachia vitu vitatu, sufuria, Biblia na wewe. Sufuria ilitoboka." Hapo nikasikia kikaango kikisuguliwa. "Najua hukwenda kazini, nimepiga simu. Najua pia hutarudi leo, maana miguu yako naijua tangu hujaanza kutembea. Ukiwa kwa yule Mkenya, msalimie. Ukifika Buffalo, maana yule mtoto wako wa mpira amepelekwa Buffalo, ndiyo, mimi husikia unapozungumza, tofauti na wewe, basi yuko mama mmoja Tonawanda, karibu na hapo, tulichota naye maji bomba moja kambini. Binti yake ameolewa, ana chumba kitupu. Nimeshampigia. Nilipomtajia jina lako akasema, yule mdogo wako mwenye maswali mengi? Mlete huyo. Namba yake nakutumia. Ukikaa kwake ukiamka tandika kitanda, usinitie aibu. Na chumba cha chini hakipangishwi, kinakungoja."

Nilisikiliza mara mbili. Siku tatu nzima, kutoka mto Ohio mpaka kwenye ziwa hili, nilikuwa nimebeba mfukoni jibu la kile nilichokuwa nakiogopa. Kilichotoka kifuani kwangu sikijui jina, ila bibi aliyekaa pembeni yangu alinipa kitambaa cha karatasi bila kuuliza, kisha akanionyesha kwa kidole kwamba wimbo wa taifa umeanza na nisimame.

Nilipompigia dada, nyuma yake kulikuwa na kelele za vigari vya mizigo na matangazo. "Niko uwanja wa ndege," akasema. "Ameshatua. Shemeji yako amebeba maua kama bwana harusi. Usinilize mbele za watu."

"Nisamehe, dada. Nimesikiliza."

"Leo?"

"Sasa hivi."

"Mungu wangu. Mtu akikutumia habari za ufufuo utazisikia Krismasi." Kisha sauti ikashuka. "Umekula?"

Mechi yenyewe haikuwa na maana kubwa kwa mtu mwingine. Kijana wangu hakugusa kituo hata mara moja. Alipiga hewa mara mbili, na mara ya tatu mpira ukaishia mkononi mwa mtu. Lakini kwenye awamu ya saba mpira ulipigwa chini kando ya mstari, mkali, akainama kama anayeokota kitu chake, akautuma kituo cha kwanza akiwa bado amepiga goti. Watu wa Buffalo, ambao walikuwa hawajamjua bado, walisema "oo" kwa pamoja. Mimi nilikaa kama mzazi kwenye sherehe ya shule.

Bado sipendi biashara ya chipukizi kwa wakongwe, na Mkenya akisoma haya asifikiri nimehama upande. Wengi wa wale vijana hawajaombwa na mtu. Wametupwa ndani ya gunia ili mizani isawazike, na hao ndio ninaowasikitikia. Ila siku hizi nikisikia kijana ametolewa, swali langu la kwanza ni lile la mama yake yule wa visiwani: nani amemwomba?

Basi la Tonawanda lilinishusha jua likiwa bado juu ya mabomba ya viwanda. Mama yule alikuwa anangoja barazani, amevaa fulana ya kiwandani na kitenge kiunoni, mikono imekunjwa.

"Ndiye wewe unayeondoka kabla ya chai?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa chai inakuja kwanza."

Ilikuja, na maandazi, na maswali kuhusu kila mtu wa bomba lile la maji, nani yuko wapi, nani amezaa, nani amekufa. Kisha akanipandisha chumbani. Kulikuwa na kitanda, dirisha linalotazama ua wa jirani, na kabati la droo nne. "Zote nne ni zako," akasema. "Sitaki kuona begi limekaa sakafuni kama abiria."

Aliposhuka nilianza kutoa vitu. Mpira niliuweka dirishani, ukabiringika kwa sababu nyumba imeinama, nikauzuia kwa kiatu. Karatasi droo ya juu. Nguo droo mbili. Droo ya nne ilibaki tupu. Niliendelea mpaka nikafika mahali ambapo mkono wangu ulikuwa haujafika kwa miaka, na huko chini, chini kabisa, nikakuta maganda ya karanga na kijiko kikubwa cha jikoni ambacho dada amekitafuta tangu Pasaka ya mwaka juzi akimlaumu shemeji.

Nilikipiga picha nikamtumia. Jibu lilikuja kabla sijaketi kitandani.

"Mwizi mkubwa. Usikitume kwa posta. Utakileta mwenyewe."